Zamu ya Avis

Siku ile mjinga alikuwa Clem Harrop, na ungemuuliza mwenyewe angekukubalia kabla hujamaliza swali. Cheo hicho alikuwa amekizoea. Miaka yote aliyokata manyoya ya kondoo katika mabanda ya watu alipigwa mateke na madume, akavunjwa mbavu, akaachwa njiani na lori la wenzake akiwa amelala kichakani, na kila mara aliibuka na kichekesho mdomoni. Ila ujinga wa Jumapili ile ulikuwa na uzito wake, kwa sababu aliufanya sebuleni kwake, mbele ya wageni, akiwa ameshika kitabu.

Wasomaji wa mji ule walikutana mara moja kwa mwezi, nyumba kwa nyumba. Gari la maktaba liliwaletea mfuko wenye nakala za kitabu kimoja, kila mtu akachukua yake, na mwezi ukiisha mfuko ukarudi ukaja mwingine. Mwenye nyumba ndiye aliyefungua mjadala, na hakuna aliyeruhusiwa kumkata kauli mpaka amalize mwenyewe. Sheria hiyo ya pili aliitunga Noreen Tuckey, aliyeendesha posta ya mji mpaka ilipofungwa, baada ya kikao kimoja cha zamani ambapo watu wawili waliondoka bila kuaga. Mmoja wao alikuwa Noreen.

Mwezi wa Agosti ulikuwa zamu ya Avis. Avis alikuwa mke wa Clem, na alikuwa amezikwa mwishoni mwa Julai.

Petra, mwalimu mkuu wa shule, alipiga simu kusema wanaweza kuhamia kwake, hakuna atakayeona vibaya. Clem akamjibu kwamba viti anavyo, majani ya chai anayo, na kama wanaogopa mzimu waje na mchungaji. Petra hakujua acheke au aombe radhi. Clem naye hakujua. Tangu mazishi maneno yalikuwa yakimtoka yenyewe, kama redio iliyosahauliwa ikiimba katika chumba kisicho na mtu.

Hakuwa amelia. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja kupiga chafya, nacho kikafika puani kikageuza. Asubuhi aliamka, akatandika upande wake wa kitanda, ule mwingine akauacha ulivyo. Alikula akashiba, na sahani ikishaoshwa asingeweza kukuambia alikula nini. Alipojikata kidole kwa kisu cha mkate alikitazama kidole kinavyotoa damu, akaona ni jambo linalomhusu mwenye kidole.

Chakula hakikumpungukia. Mjini kwao mtu akifiwa watu hawamjazii nyumba, wanamjazia friza. Kila alipotoka asubuhi alikuta mfuko umetundikwa getini: nyama ya kondoo iliyookwa na viazi, pai ya kuku, supu ya maboga iliyoganda tayari kwa baridi ya usiku. Chini ya kila bakuli palikuwa na kipande cha plasta chenye jina, ili bakuli lijue njia ya kurudi kwao. Clem hakuwa akifungua mifuko hiyo. Aliichukua kama ilivyo, akaipeleka kwenye friza kubwa la gereji, akaitupia juu ya mingine, akaketi juu ya kifuniko ili kifunge.

Kilichomkaa kooni kilikuwa kimoja tu. Siku chache baada ya mazishi daktari wa kliniki alimsimamisha nje ya duka, akampa pole, akasema Avis alikuwa mwanamke shupavu kweli, kuishi miezi yote ile na moyo mgonjwa namna ile, na kazi zake zote akazifanya. Clem akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Hakujua. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba ni uchovu, kwamba ni baridi ya mwaka huu, kwamba ngazi za mlango wa nyuma zimejengwa na mlevi. Ngazi hizo alizijenga yeye, kwa hiyo alicheka, na mambo yakaishia hapo.

Sasa alitaka kujua kwa nini mkewe hakumwambia. Jibu moja alikuwa nalo, na hakulipenda: kwamba Avis alimtazama, akampima, akaona huyu ni mtu wa mzaha, neno zito hawezi kulibeba. Ungempa, angeliangusha. Alilala na jibu hilo na kuamka nalo. Hata hilo halikumuuma sawasawa. Lilikuwa limekaa tu, kama jiwe ndani ya buti ambalo mguu uliokufa ganzi haulisikii lakini unajua lipo.

Kitabu alikikuta kwenye meza ndogo upande wa Avis, miwani yake ikiwa juu. Nakala ya maktaba, iliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki. Clem hakuwa msomaji. Alisoma matokeo ya mbio za farasi na maelekezo ya dawa za minyoo ya kondoo. Kazi yake katika chama kile ilikuwa moja. Avis alipotoka kikaoni akavua koti, yeye alimuuliza kutoka kitini, "Haya, nani kafa safari hii?" Kwa sababu katika vitabu vile lazima mtu afe. Naye Avis angemjibu: nahodha, au mtoto wa pili, au wote isipokuwa mbwa. Basi ndivyo Clem alivyojua fasihi.

Lakini zamu ni zamu. Alivaa miwani ya dukani, akakaa jikoni, akasoma.

Kilikuwa kisa cha mwanamke mwenye shamba la matunda ya plamu. Anaambiwa na daktari kwamba hana siku nyingi, anarudi nyumbani, na hamwambii mumewe kitu. Anapika jamu. Anapika mpaka makabati yanajaa, mume anamkaripia kwa kumaliza sukari, na yeye anapika tu. Mwisho anakufa, mume anafungua kabati kutafuta jamu ya mkate wake, anakuta chupa zimepangwa mpaka darini.

Clem alimaliza akakifunga. Akainuka kufungua kabati lao la jikoni. Palikuwa na chumvi, majani ya chai, na bati la biskuti lililokuwa tupu. Akacheka kidogo peke yake, sauti tu, akarudi kukaa. Halafu akaanza kupanga atakachosema Jumapili, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi kitu kinachofanana na hamu. Alitaka kugombana na mtu juu ya yule mwanamke.

Jumapili walifika mchana, pikapu moja baada ya nyingine, wakikanyaga matope ya baridi. Petra alileta keki za mraba zenye nazi. Noreen alileta skonzi na ulimi wake. Lindsay Voss, mkulima wa ngano ambaye husoma sura ya kwanza na ukurasa wa mwisho halafu huchangia kuliko wote, alileta habari za mvua. Marisol, nesi wa kliniki aliyehamia kutoka Ufilipino mtoto wake akiwa mgongoni na sasa mtoto huyo anaendesha trekta, alileta tambi za kukaanga, akaenda moja kwa moja jikoni kuchemsha maji bila kuuliza birika liko wapi. Wengine watatu wanne walijaza kochi. Kiti cha Avis hakuna aliyekikalia, ingawa Lindsay alikielekea kwa mazoea, Noreen akamvuta mkia wa sweta.

"Kaa, Lindsay, hakiumi," alisema Clem. "Aliyekuwa anauma keshaondoka."

Watu wakatazama vikombe vyao. Lindsay akakaa sakafuni.

Clem hakuketi. Alisimama mgongo kwa jiko la kuni, akakishika kitabu kifuani kama mtoto wa kwaya, akasema kwamba yeye si mwenye maneno ya kitabuni, lakini kama ni zamu ya nyumba hii basi atafungua. Akafungua. Akasema huyo mwanamke wa plamu ni mkatili. Watu watasema ni jasiri, lakini yeye kaishi na kondoo na wanadamu na anajua ukatili ukivaa aproni. Akasema mume yule kafanywa mjinga katika nyumba yake mwenyewe, anazunguka analalamikia sukari huku mwenziwe anamwaga siku zake za mwisho kwenye sufuria. Akasema mtu ana haki ya kuambiwa. Kama ni mzigo, wabebe wawili, na kama mmoja hajui kubeba, afundishwe, kwani hakuna aliyezaliwa anajua.

Alisema kwa kirefu. Hakuwa ameongea sana namna hiyo tangu mazishi, wala kabla yake. Sauti yake aliisikia ikitoka mbali, imenyooka, haitetemeki, na kichwani alijipongeza. Aliona nyuso zao: Petra kafumba macho nusu, Noreen kakaza midomo, Marisol kasimama mlangoni na birika mkononi, hamimini wala haliweki chini. Alidhani amewagusa. Akaongeza la mwisho, kwamba angekuwa yeye ni yule mume, zile chupa za jamu angezivunja moja moja ukutani.

Kuni zikalia ndani ya jiko.

Hapo Lindsay akakohoa. Akasema ni hoja nzuri, nzito, yeye hana la kuipinga, ila alikuwa anajiuliza tu, kwa heshima zote, kama nyangumi watafika saa ngapi.

"Nyangumi gani?" Clem aliuliza.

Lindsay akamtazama Noreen, Noreen akamtazama Petra, Petra akalitazama zulia. Aliyesema ni Marisol, kwa ile sauti anayoitumia kumwambia mtu kwamba sindano imeshaingia. Alisema kitabu cha mwezi huu kinahusu wawinda nyangumi. Hiki cha jamu kilikuwa cha Julai.

Clem akakigeuza kitabu mkononi kana kwamba jalada lingejitetea.

"Cha Agosti nilikuletea mwenyewe," alisema Noreen. "Nilikutundikia getini, pamoja na ile nyama ya kuoka. Usiniambie hukufungua mfuko."

Clem hakumwambia. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akashuka zile ngazi za mlevi, akaingia gereji, akafungua friza. Alipekua pai, akapekua supu, akachimba kama mtu anayetafuta maiti kwenye theluji, na chini kabisa akaupata mfuko wenye plasta ya jina la Noreen. Kitabu kilikuwa kimeshikana na bakuli kwa barafu. Alirudi navyo sebuleni vikiwa kitu kimoja, akaviweka mezani, na nyangumi wa jaladani alikuwa na ukungu mweupe wa barafu mpaka machoni.

Lindsay ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Petra, huku akijifuta machozi, kisha kochi zima. Noreen alisema nyangumi hao wamerudi kwao kabisa, ncha ya kusini, bado pengwini tu. Clem akacheka nao. Akasema ndiyo sababu nyama ya Noreen inalika mwaka mzima bila kuharibika, hata vijidudu vinaogopa kuigusa. Noreen akamwambia ale vitabu basi. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliokuwa wamekishikilia tangu makaburini, na Clem alikitazama kikizunguka chumba kama mtu anayetazama moto wa jirani kupitia kioo. Aliona mwanga. Joto halikumfikia.

Ndipo wazo likamjia, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Aliketi. Aliketi kwenye kiti cha Avis bila kujua.

"Kwa hiyo hiki mlikisoma Julai," alisema. "Wote. Pamoja naye."

Kicheko kikaisha.

Alikumbuka jioni ile. Avis aliingia, akavua koti, akalitundika, ikamchukua muda kulitundika. Naye kutoka kitini, bila kuondoa macho kwenye televisheni, akamuuliza nani kafa safari hii. "Mwanamke mmoja," Avis alijibu. "Humjui." Halafu akaenda kuchemsha chai. Ilikuwa chai nzuri. Alikumbuka ilikuwa nzuri.

Akawauliza Avis alisema nini juu ya mwanamke yule.

Petra akasema alikipenda, kwamba alisema ni kitabu kilichoandikwa vizuri. Clem akamwambia mwalimu mkuu kwamba hivyo ndivyo anavyoandika kwenye ripoti za watoto wasiojua kusoma. Akamgeukia Marisol. Marisol alikuwa ameliweka birika chini, mikono yake imeshikana mbele ya sketi, na Clem akaelewa kwamba huyu alijua, alijua miezi yote, alikuwa akimpima Avis mapigo ya moyo Jumanne na kununua naye mayai Jumatano. Hakumkasirikia. Alitafuta hasira mahali inapokaa, akakuta pametandikwa kama kitanda kitupu.

"Kazi yangu hainiruhusu, mzee Clem," Marisol alisema taratibu.

"Sijakuuliza ya kazini. Nauliza ya hapa, ya kitabu."

Marisol akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu anayempisha mwingine. Wote wakamwangalia Noreen.

Noreen alikuwa akipaka siagi kwenye skonzi. Alipaka mpaka kingo, bila haraka, kama alivyokuwa akigonga mihuri posta huku foleni imefika barabarani. Akasema sheria aliitunga yeye, kwamba mwenye nyumba hakatwi kauli, na kwa hiyo anataka kujua kwanza kama mwenye nyumba amemaliza.

"Sijamaliza," alisema Clem. "Bado nasema alikosea. Na sijali kitabu cha mwezi gani. Mume alikuwa na haki ya kujua. Hakumwambia kwa sababu alimwona mpumbavu. Alimwona mtu asiyefaa kuambiwa neno. Andikeni hivyo, rudisheni mfuko."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ileile iliyonyooka, na hakuna mtu chumbani aliyekuwa bado anafikiri wanazungumza juu ya plamu.

"Sasa umemaliza?"

"Nimemaliza."

Noreen akaweka kisu chini. Akasema kwamba hoja hiyo Julai aliitoa Petra, karibu neno kwa neno, haki ya mume na kubeba wawili, na yeye Noreen akamuunga mkono, na wakaongea sana mpaka chai ikapoa. Avis hakusema kitu. Alikuwa amekaa kwenye kochi la Petra na blanketi miguuni, wakadhani anasinzia. Lindsay ndiye aliyemchokoza, akamwambia mama, tupe basi na wewe hukumu yako, au kitabu hukusoma.

"Nilisema hivyo," alisema Lindsay kutoka sakafuni. Hakuwa akicheka tena.

"Akafungua macho," Noreen aliendelea, "akasema nyinyi hamna akili. Akasema, mwanamume wa namna ile ukimwambia unakufa, kesho yake ataacha kukutania. Ataanza kukuuliza umelalaje, ataanza kukushika kiwiko kwenye ngazi, ataongea na wewe kama anaongea na mke wa mchungaji. Akasema, 'Miaka yote hii ninacheka, halafu nije nife nimeolewa na mgeni?' Ndivyo alivyosema. Kisha akaomba keki nyingine."

Nje mbwa wa Lindsay alibweka mara moja ndani ya pikapu akaacha. Kitabu cha nyangumi kilikuwa kimeanza kuyeyuka, maji yakitambaa kutoka chini ya bakuli kuelekea ukingo wa meza, na hakuna aliyeinuka kuyafuta.

Clem aliyatazama maji. Alikuwa mbishi tangu kuzaliwa, na ubishi ndio uliobaki ukifanya kazi ndani yake wakati mengine yamezimwa. Akakifungua kitabu cha jamu. Akafunua kurasa, mbele, nyuma, akitafuta. Kidole chake chenye plasta kilishuka mstari kwa mstari.

"Si kweli," alisema mwishowe. "Nimekisoma chote, si kama Lindsay. Mume wa humu ni mtu wa kununa tangu ukurasa wa kwanza. Hatanii hata mara moja. Niambie ni wapi anatania."

"Hakuna," alisema Noreen, akamsogezea skonzi. "Ndiyo maana hakuna kati yetu aliyedhani anamsema wa kitabuni."